Drama za vita kwa TV: makosa gani yanakukera na gani unaachilia?

MAMA_SECTION58 (Nakuru)

Habari za jioni wadau. Niko na swali lakini liko na hadithi yake kidogo kwa hivyo mnivumilie. Baba mkwe alistaafu jeshi kitambo, saa hii ako na sisi hapa Nakuru tangu afanyiwe operesheni ya goti, na kitu kimoja tumepatana kabisa mimi na yeye ni drama za vita. Watoto wakishalala tunaweka Band of Brothers, ile ya 2001 ya vipindi kumi kuhusu wanajeshi wa Marekani Vita ya Pili. Shida ni kwamba rimoti inashikwa na mzee. Tangi la Mjerumani likitokea tu anasimamisha. "Hesabu magurudumu," ananiambia. Mimi naona tangi, liko na mzinga mbele na msalaba umepakwa kwa ubavu, yeye anasema hiyo si Tiger, lile tangi kubwa la Mjerumani, hiyo ni Mrusi amevalishwa koti. Tukiendelea kidogo anasimamisha tena, mara kofia, mara vile mtu amefunga mkanda wa bunduki, mara "hakuna sajenti angeongea na ofisa hivyo akabaki na vyeo vyake". Kipindi cha saa moja kinatuchukua jioni nzima.

Sasa nauliza, haya makosa ni ya ukweli ama mzee ananisomea tu? Na watu wenye pesa kama hizo wanakosaje kitu mtu wa Nakuru anaona akiwa amelala kwa kochi?

Alafu kuna ingine. Binamu yangu ako Kisumu na kikundi chao cha maigizo, wamepata kamera poa na wanataka kushuti drama ya Vita ya Kwanza huko ziwani, vipindi vichache tu vya kuweka YouTube. Ameniomba niulize wenye wanajua, ni nini wasikosee. Bajeti yao ni ya nyanya na kitunguu, kwa hivyo tafadhali mtu asimwambie akodishe meli.


FUNDI_SHABAB

Dada mwambie mzee ako sawa na siku moja nitakuja tuangalie pamoja 😂

Tiger ya ukweli magurudumu yake yamelaliana, moja liko nje lingine limeingia ndani, ukiangalia kwa ubavu huoni nafasi katikati. T-34 ya Urusi iko na matano makubwa kila upande na unaona mwanga kati yao. Hiyo ya kuvalisha T-34 mabati ikae Tiger ndio ilifanywa kwa Saving Private Ryan ya 1998, na drama za TV zikaendelea na ujanja huo huo juu hakuna njia ingine. Tiger yenye bado inatembea na injini duniani ni moja, ile wanaita 131, Waingereza waliinasa Tunisia 1943 na iko makumbusho ya Bovington. Sasa wewe ungekuwa mwenye hiyo gari ungewapa watu wa TV wakakanyage nayo matope siku nzima na kuilipulia baruti kando? Spea utatoa wapi?

Na kama fundi mimi nakwambia hata moshi unakudanganya, Tiger ilikuwa ya petroli, T-34 ni dizeli. Hayo magurudumu ya kulaliana yalikuwa balaa pia kwa wenyewe, gurudumu la ndani likiharibika unafungua ya nje kadhaa ndio ulifikie, na huko Urusi usiku wa baridi matope yaliganda katikati yao asubuhi gari haisongi. Hiyo ndio kitu ningependa waonyeshe siku moja, mafundi wa tangi usiku wakilia na spana, lakini drama zote tangi linakuja likiwa limeoshwa.


MTAZAMAJI_TU

Wadau mimi sielewi hii shughuli ya kuhesabu magurudumu. Ni burudani! Vita vya Korea vilipiganwa kutoka Juni 1950 hadi Julai 1953, miaka mitatu. M*A*S*H, ile komedi ya madaktari wa jeshi, ilienda hewani 1972 mpaka 1983, misimu kumi na moja, ikiwa ni vita hivyo hivyo vya miaka mitatu. Madaktari wamezeekea kwa hema wakiwa kwa vita vya miaka mitatu, nywele ni za miaka ya sabini kabisa, milima ya Korea ni milima ya California. Na kipindi cha mwisho kiliangaliwa na watu kama milioni 106 huko Marekani. Kuna mwenye alirudisha TV dukani?

Kuna hata raha yake. Oktoba 1982 moto wa msitu ulichoma seti yao ya nje huko Malibu wakiwa bado hawajamaliza kushuti. Badala ya kulia waliuandika ndani ya skripti, ule moto unaona kwa kipindi cha mwisho chanzo chake ni huo. Kama wangekuwa na mzee mwenye rimoti hapo angewaambia Korea hakukuwa na moto kama huo na tungekosa.


MWALIMU_LURAMBI

Mtazamaji, mimi na wewe hatutapigania gurudumu, hata wanafunzi wangu nawaachilia hayo. Lakini kuna makosa ya vitu na kuna makosa ya watu, na hiyo Band of Brothers dada ameitaja iko nayo yote mawili.

Kuna kipindi chote kinamfuata mwanajeshi anaitwa Albert Blithe, kijana wa kweli, si wa kubuni. Mwishoni maandishi yanatokea kwa skrini yakisema hakupona majeraha yake na alikufa 1948. Ukweli ni kwamba Blithe alipona, akabaki jeshini, akaenda Korea, akapanda cheo, na alikufa Desemba 1967. Yaani TV ilimzika mtu miaka 19 mapema, ikaandika hivyo kwa herufi nyeupe kwa giza vile wanaandikanga kitu cha ukweli mtupu, na mamilioni wakaamini. Familia yake ilikuwa hai. Hebu fikiria wewe ni mtoto wake umekaa sebuleni unaangalia.

Kuna ile ya kambi pia. Kipindi cha tisa wanaonyesha kampuni ya Easy, kile kikosi drama inakifuata, ndio inagundua kambi ya wafungwa msituni. Hizo kambi za Kaufering zilifikiwa kwanza na kikosi kingine, divisheni ya 12 ya vifaru, tarehe 27 Aprili 1945, Easy walifika baadaye. Hiyo naelewa kwa nini walifanya, hadithi ni ya Easy na huwezi kuleta watu wapya dakika ya mwisho. Lakini kipindi hicho hicho kinakuwekea tarehe 11 Aprili kwa skrini alafu mtu anakuja kusema Hitler amejiua. Hitler alijiua 30 Aprili. Hapo hakuna bajeti, hakuna tangi la kukodisha, ni mtu mmoja tu alitakiwa kufungua kitabu.

Mimi kosa la aina hiyo ndio linanikera, la bure. Tarehe haigharimu chochote.


MTAZAMAJI_TU

Mwalimu kwa heshima, hiyo ya Blithe si ya TV. Wenzake wenyewe wa kikosi waliamini alikufa, kitabu chenye walitumia kikaandika hivyo, TV ikachukua kwa kitabu. Watu walikuwa naye kwa shimo moja Normandy hawakujua ako hai, dairekta angejua aje? Wewe ukiulizwa wenye ulimaliza nao form four wako wapi saa hii utajibu wote?


MWALIMU_LURAMBI

Sitajibu wote, ndio maana sitaandika kwa ubao kwamba fulani amekufa. Jeshi la Marekani lilikuwa likimlipa mshahara mpaka 1967, faili ilikuwa mahali. Shahidi anakumbuka vibaya, hiyo ni kawaida ya binadamu, kazi ya mtafiti ni kutoka kwa shahidi aende kwa karatasi. Na wewe usidhani nawachukia hawa watu, hiyo drama mimi nimeirudia mara nyingi.


NYAR_DUNGA (Kisumu)

Hao wasomi tuwaache na Hitler wao, mimi nataka kumsaidia huyo binamu juu hii ndio inanihusu, mimi nimezaliwa hapa ufuoni.

Dada mwambie kitu ya kwanza kabisa kabla ya bunduki na kofia, AANGALIE MAJI. Hayasinti haikuwa kwa ziwa 1915. Hiyo gugu imetusumbua tangu miaka ya tisini huku upande wetu, bibi yangu aliona ziwa safi, sasa wewe unaonyesha meli ya Mwingereza inatoka Kisumu kwenda vita na inapita kwa majani yamechanua maua ya zambarau, kila mtu wa Nyanza atacheka kabla hata mtu hajaongea. Waende asubuhi, waangalie upepo umeisukuma upande gani, inasonga, leo iko hapa kesho iko kwa wengine. Na kamera isiangalie chini sana.

Ya pili samaki. Najua watataka sini ya sokoni, akina mama na samaki, wazungu wakipita. Asiweke mbuta! Mbuta ililetwa kwa ziwa miaka ya hamsini, na hata hii nyamami tunakula kila siku ni ya kuletwa. 1915 watu wa huku walikula ngege, ningu, fulu, kamongo, mumi. Ngege ya ukweli siku hizi ni shida kupata lakini mumi na kamongo zipo, anunue hizo aweke mbele. Mbuta ya kilo kumi ikining'inia kwa sini ya vita vya Kaizari mimi nitazima simu hapo hapo.

Alafu usiku. Meli ziliondoka Kisumu na jeshi Juni 1915 kwenda kushambulia Bukoba, wakapigana tarehe 22 na 23, wakaharibu mtambo wa simu ya upepo wa Wajerumani na mji ukaporwa vibaya. Naona kabisa binamu atataka kushuti safari ya usiku, giza, watu wametulia kwa sitaha. Sasa ukishuti usiku hapa nyuma utaona nini? Taa za omena, nyingi, zimejaa mpaka zinakaa mji uko majini. Enzi hizo hakukuwa na hiyo. Ashuti jioni jua likiwa limeingia tu alafu wakaze giza kwa kompyuta, wavuvi wa omena wakiwa bado hawajawasha.

Mitungi ya plastiki ya manjano nayo hata sisemi. Debe la bati lilikuwepo, vyungu vilikuwepo.


EKSTRA_MSTAAFU (Naivasha)

Hii thread imenifurahisha, mimi niliwahi kuwa ekstra kwa drama moja ya enzi za Mau Mau, siitaji jina na si lazima mjue, ilishutiwa huku karibu na ziwa. Dada ameuliza wanakosaje na pesa wako nazo, wacha nikwambie venye inaendanga ukiwa ndani.

Sini ilikuwa ya kuvamia kituo cha polisi cha Naivasha, usiku wa 26 Machi 1953, kitu ya ukweli, wapiganaji waliingia wakachukua bunduki na kuwafungua wafungwa 173. Wenye waliingia wengi wao walikuwa na panga, na zile bunduki za kujitengenezea, bomba la maji, komeo la mlango na mpira wa tairi ya ndani. Hiyo ndio utamu wote wa hadithi, kwamba waliendea bunduki kwa sababu hawakuwa nazo. Sisi tulipewa nini? Kila mtu bunduki yake, na wale wa kuigiza polisi wakapewa za mbao zimechongwa G3. Mzee mmoja kati yetu alisema hii si ya 1953, akaambiwa watazamaji hawajui. G3 Wajerumani wenyewe walianza kuitumia 1959! Askari wa 1953 ni Lee-Enfield, mbao inaenda mpaka karibu na mdomo, hata mtoto anaona si kitu moja.

Kwa ofisi ya DC picha ya malkia ilikuwa imetundikwa, hapo walipata, Mfalme George alikuwa ameshakufa Februari 1952. Lakini picha hiyo hiyo wakaiacha kwa ukuta kwa sini za nyuma, zile za baba wa jamaa mmoja wa hadithi akirudi kutoka Burma 1945. Malkia ametawala tangu vita, hakuna mtu ameona.

Sasa kontinuiti. Kwa wale hawajui, sini moja hamshuti mara moja, mnaweza kushuti mtu akikimbilia mlango asubuhi na akiingia ndani baada ya lanchi. Kuna mtu kazi yake ni kuandika kila kitu, nani alikuwa na kofia, kifungo gani kimefunguliwa, sigara imefika wapi. Huyo mtu siku hiyo alitumwa Naivasha mjini kuulizia chakula juu gari ya chakula ilichelewa. Askari mmoja asubuhi mkono wa shati ulikuwa umekunjwa mpaka kwa kiwiko, baada ya kula akaushusha juu ya mbu. Ukiangalia kipindi anakimbia mkono umekunjwa, anapita mlango, anatokea upande ule mkono umeshuka na umefungwa kifungo, ni kama alisimama kwa mlango akajipanga kabla ya kupigana. Na kivuli chake kimehama upande wa pili. Wa kaptula ya kaki mwenye simu ilimtokeza mfukoni ikiwa na mraba kabisa naye alipita mbele ya kamera mara kadhaa.

Na mandhari sasa, huku Naivasha ukigeuza kamera vibaya unapata greenhouse za maua zimeng'aa nyeupe mpaka mwisho wa macho, ama mvuke wa Olkaria unapanda, na Olkaria ilianza kutoa stima 1981. Dairekta alipata pembe moja safi, moja tu, kila kitu kikafanyika hapo. Ndio maana ukiangalia hiyo drama msitu wa Aberdare, shamba la mzungu na kambi ya kizuizini zote ziko na mti ule ule.

Si ujinga kila wakati. Saa zingine ni jua linashuka na ekstra mia wanataka kulipwa.


MTAZAMAJI_TU

Hiyo ya mti nimecheka mpaka watoto wameuliza. Sasa Ekstra kusema ukweli, hiyo drama ilikuwa mbaya?


EKSTRA_MSTAAFU (Naivasha)

Haikuwa mbaya bana, mama mmoja aliigiza kungojea mume kwa geti ya kambi mpaka sisi ekstra tulinyamaza. Hapo hakuna mwenye aliangalia mti.


OMOGAKA_GETEMBE (Kisii)

Binamu wa Kisumu kama anataka vita ya karibu na nyumbani kwa nini anakimbilia Bukoba? Aje Kisii. Wajerumani waliingia huku Septemba 1914, na tarehe 12 KAR (King's African Rifles, askari Waafrika wa jeshi la Mwingereza) wakawavamia, siku nzima risasi, mwishowe pande zote mbili zikaondoka na mji ukabaki hauna serikali. Wenyeji wakaona maduka na ofisi ziko wazi wakajihudumia. Mwingereza kurudi akawaadhibu. Hiyo ni drama hata haihitaji kuongezwa chumvi na haina meli.

Kitu moja ya bunduki. Askari wa Mjerumani wengi mwaka wa kwanza walikuwa bado na Mauser ya 1871, ya baruti nyeusi, kila risasi ikitoka wingu la moshi linabaki hewani, adui anajua uko wapi. Kwa muvi zote za vita hii pande zote mbili wanapiga bila moshi. Kama wataongeza moshi kwa kompyuta upande mmoja tu, na upande wa Mwingereza hakuna, mtu mwenye anajua atavua kofia. Na hiyo haihitaji hata bunduki nzuri, moshi unafunika kila kitu 😂

Na wasiogope ukweli wenye unakaa uongo. Tanga, Novemba 1914, nyuki walitoka wakashambulia wanajeshi katikati ya vita. Ukiweka hiyo kwa drama watu watasema mwandishi alikuwa amelewa.


MWALIMU_LURAMBI

Omogaka umesema vizuri. Wacha nami nimpe huyo binamu za bure, zile hazihitaji hata shilingi. Shilingi yenyewe ni ya kwanza! 1915 pesa ilikuwa rupia, shilingi imekuja baada ya vita. Mtu asiseme "sisi Wakenya", jina la koloni la Kenya ni 1920, kabla ya hapo ilikuwa himaya ya Afrika Mashariki ya Mwingereza na mtu angejitambua kwa ukoo na chifu wake. Polisi asimwambie mtu toa kipande, kile kitambulisho cha mkoloni, sheria ya kipande iliandikwa 1915 lakini ilianza kufanya kazi vita vikiisha. Hiyo naona itawakamata juu kila mtu anajua kipande na ukoloni vinaenda pamoja.

Lakini kuna kosa moja kubwa kuliko yote na hilo huwezi kulipata kwa kuhesabu magurudumu, juu ni la kitu hakipo kwa picha. Hizi drama na filamu za vita vya Afrika Mashariki zinaonyesha ofisa mzungu, askari wachache nyuma yake, na porini. Nani alibeba chakula? Nani alibeba risasi, hema, na kitanda cha huyo ofisa? Kariakoo na Kariakor mnadhani majina yalitoka wapi, si ni Carrier Corps, kikosi cha wapagazi. Wapagazi walikuwa wengi kuliko askari mara nyingi, na Nyanza ilitoa watu wengi sana, hasa 1917 wakati John Ainsworth, huyo huyo aliyekuwa kamishna hapo Kisumu, alipewa kazi ya kukusanya watu. Mtu anatolewa nyumbani amezoea wimbi na mtama, anapewa unga wa mahindi haujasagwa vizuri, anaupika nusu juu hakuna kuni wala wakati, tumbo linaharibika, na asubuhi anabebeshwa ratili 50 ama zaidi. Makumi ya maelfu walikufa na wengi hawakuguswa na risasi, ni kuhara, malaria na njaa.

Sasa binamu ako na vijana hana pesa. Wapagazi ni rahisi kuliko askari! Hawahitaji sare. Blanketi, mzigo kichwani, kipande cha bati chenye namba shingoni. Mstari mrefu unapita mbele ya kamera, watu kumi na tano wakizunguka nyuma na kurudi tena wanatosha kukaa mia.


NYAR_DUNGA (Kisumu)

Mwalimu na hapo umetoa neno. Babu ya mama yangu alienda hiyo safari na kwa nyumba yetu ilikuwa inasemwa tu "alienda keriako", hakuna zaidi.

Lakini wakizunguka wabadilishe mizigo, watu watatambua jamaa wa sanduku jekundu amepita mara tatu.


FUNDI_SHABAB

😂😂 sanduku jekundu lipelekwe jela


MAMA_SECTION58 (Nakuru)

Asanteni sana, sikutegemea haya yote. Nimemsomea mzee kila kitu, ya Blithe imemuudhi kweli, akaniambia "huyo mtu alikuwa master sergeant na wamemzika", akanyamaza, alafu akaniambia nirudishe hicho kipindi nyuma aone tena hayo maandishi. Mwalimu mzee anakusalimia. Mtazamaji pia anakusalimia lakini ameniambia nikuulize kama kwa jeshi la M*A*S*H kuna mtu aliwahi kunyoa.

Binamu naye amesoma hapa anauliza viatu. Askari wa KAR wavae nini miguuni? Wako na gumboot na wako na safari boot za mitumba.


OMOGAKA_GETEMBE (Kisii)

Gumboot zibaki shambani tafadhali. Wakati huo askari wengi wa KAR walitembea miguu mitupu ama ndara za ngozi, na vile vitambaa vya kuzungusha kwa muundi kutoka kifundoni mpaka chini ya goti. Kitambaa ni pesa kidogo, mfundi wa nguo anakata vipande virefu tu. Kichwani tarbushi, na porini waliifunika na kitambaa cha kaki. Zile kofia kubwa za ukingo mpana ni za Burma, vita ya pili, asichanganye. Na kama ataweka Mwafrika kuwa kapteni, hapana, KAR haikuwa na ofisa Mwafrika mwenye kamisheni wakati huo wala Burma. Wacha aigize sajenti vizuri.

Kuhusu miguu mitupu, awatafutie vijana wenye wamezoea. Ekstra wa mjini akitembea bila viatu anakanyaga kama anaogopa sakafu na inaonekana.


MTAZAMAJI_TU

Mwambie mzee walinyoa, ila si kipindi chenye nilikuwa naangalia. Na hiyo drama ya Kisumu ikitoka nitumiwe linki, nitaangalia bila kuhesabu kitu.


FUNDI_SHABAB

Bunduki za mbao mimi naweza kuchonga, niko na mashine ya mbao ya jirani na mbao ya mkaratusi iko. Binamu anitumie picha ya hiyo Mauser ya 1871 na ile ya KAR, zote mbili ubavuni, na aniambie urefu kwa sentimita. Akitaka nane nitamfanyia bei, akitaka mbili bei ni ile ile juu kazi ni kupima. Nauli ya matatu ya kuzifikisha Kisumu ni yake, na amwambie kondakta mapema ni za mchezo, zifungwe kwa gunia vizuri, juu kuna vizuizi vya polisi hiyo barabara na mimi sitaki simu usiku.